Maajabu ya Mbali na Maajabu ya Karibu

Katika kila mtaa wa Chake Chake, Wete na Mkoani, na hata katika vijiji vya Micheweni na Kengeja ambavyo kitabu huvifikia kwa tabu, yupo mtoto wa miaka 10, 11 au 12 ambaye amekwisha kuvisoma vitabu vyote vya darasa lake, akavisoma na vya nduguye aliyemtangulia skuli, akasoma karatasi za gazeti zilizofungiwa bidhaa dukani na maandishi ya magunia ya mchele, na bado hamu yake haijakatika. Naye akiulizwa anataka kitabu cha namna gani, aghalabu hujibu kuwa anataka chenye majini, au wafalme, au wanyama wasemao, au safari ya kwenda nchi isiyofikiwa kwa boti wala kwa ndege. Mzazi aliyeruzukiwa mtoto wa namna hii ameruzukiwa neema kubwa, lakini neema hiyo huja pamoja na tashwishi, kwa sababu vitabu vya maajabu vina madaraja mengi, vingine vimetungwa kwa ajili ya watoto na vingine kwa ajili ya watu wazima, na jalada lenye picha ya joka au ya mwezi mwandamo halimwambii mnunuzi ameshika kipi mkononi mwake. Mzazi huyo ndiye niliyemkusudia katika makala haya, pamoja na mwalimu na shangazi na mjomba, na kila mtu ambaye mtoto humwendea na kumwambia kuwa kitabu alichopewa juzi amekimaliza.

Swali ambalo wazazi wa kisiwani kwetu hulitanguliza, nao wana haki ya kuliuliza, ni kama kitabu kina uchawi ndani yake. Naliheshimu swali hilo, kwa kuwa linatoka katika dini na katika mapenzi ya mzazi kwa mwanawe, walakini siyaoni manufaa ya kulifanya la kwanza. Tukikitupa kila kitabu chenye jini au mchawi, itatubidi tuzitupe na ngano ambazo bibi zetu walitusimulia ukumbini baada ya sala ya isha, tuitupe na Alfu Lela Ulela, na mtoto mwenyewe tutamshangaza, kwani chuoni amekwisha kufundishwa habari za Nabii Sulaiman aliyetiishiwa upepo na majini na kufahamishwa maneno ya ndege, na habari za vijana wa pangoni waliolala miaka zaidi ya 300 wakaamka wakidhani wamelala siku moja au sehemu ya siku. Mtoto wa Pemba hakulelewa mbali na maajabu. Linalompasa kufunzwa mapema ni upambanuzi: kwamba habari iliyokuja kwa wahyi ni kweli na huaminiwa, kwamba ngano ya wazee husimuliwa kwa burudani na mazingatio, na kwamba kitabu cha hadithi ni kazi ya akili ya mtu mmoja aliyekaa akabuni. Mtoto wa miaka 10 huufahamu upambanuzi huo barabara akielezwa waziwazi na mtu anayemwamini, na akishaufahamu, sehemu kubwa ya hatari ambayo mzazi aliihofia huwa imekwisha ondoka kabla ya kitabu kufunguliwa.

Swali la kwanza, kwa rai yangu, ni la masafa: ajabu iliyomo katika kitabu hiki iko mbali kiasi gani na kitanda anacholalia mtoto huyu? Joka lenye vichwa saba katika nchi isiyo na jina halimnyimi mtoto usingizi, hata likimeza watu kwa mamia, kwa sababu hakuna joka la namna hiyo njiani kwenda kisimani. Lakini bibi kizee mmoja tu, katika hadithi isiyo na tone la damu, akigonga dirisha usiku katika kijiji chenye minazi na mikarafuu na vyoo vya nje kama kijiji chetu, humweka mtoto macho hadi alfajiri. Walio na umri wanaukumbuka mwaka 1995, pale hofu ya jini aitwaye popobawa ilipozuka hapa Pemba kisha ikavuka bahari hadi Unguja, watu wazima wenye akili timamu wakatoka vyumbani mwao wakalala nje kwa makundi. Hofu ile haikuhitaji kasri wala joka. Ilichukua mlango wa nyumba ya mtu na giza la mtaa wake, ikatosha. Basi umri uliochapwa nyuma ya kitabu cha kigeni usipokewe kama hukumu ya mwisho, maana ulikadiriwa na wachapishaji wa London au New York kwa watoto ambao mchawi kwao ni mtu wa michezo mwenye kofia ya ncha, ilhali hapa kwetu wako majirani walioacha kusemezana miaka mingi kwa tuhuma ya jambo hilohilo, na mtoto anajua.

Ikiwa mzazi amekubaliana nami katika hilo, taratibu ya kutoa vitabu hujipanga yenyewe: huanzwa na maajabu ya mbali kabisa, na kadiri mtoto anavyokua na akili yake kukomaa, ndivyo maajabu yanavyosogezwa karibu na nyumbani.

Kitabu chema cha kuanzia kwa mtoto wa miaka 9 au 10 ni kisa cha msichana Alice kilichotungwa na Lewis Carroll mwaka 1865, nacho kina bahati ya kuwa na tafsiri mbili za Kiswahili zilizopishana kwa miaka 75. Ya kwanza, Elisi Katika Nchi ya Ajabu, ilichapishwa London mwaka 1940, na picha zake zilimwonyesha Elisi kuwa mtoto wa Kiafrika. Ya pili, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, ilitoka mwaka 2015 kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis, yuleyule aliyeitafsiri riwaya ya Abdulrazak Gurnah ikaitwa Peponi. Hakuna kitabu kilicho mbali na kitanda cha mtoto kuliko hiki, kwani mambo yote hutokea chini ya ardhi, ndani ya ndoto, kati ya sungura wenye saa na wafalme wa karata. Na ingawa yumo malkia anayeamrisha watu wakatwe vichwa katika kila ukurasa anaotokea, hakuna hata mmoja anayekatwa. Mtoto hucheka, na katika kucheka kwake hujifunza kuwa mwenye nguvu anaweza kuwa mjinga, jambo ambalo ni elimu kubwa kwa umri huo. Baada yake waweza kumpa Mwana Mdogo wa Mfalme, kitabu cha Mfaransa Antoine de Saint-Exupéry kilichotolewa kwa Kiswahili na Mkuki na Nyota, ila ujue kuwa mwisho wake ni wa huzuni na nyoka yumo. Uwe karibu atakapoufikia.

Hazina kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni ya kwetu wenyewe, na inanisikitisha kuona jinsi isivyojulikana kwa wazazi wanaohangaika kuagiza vitabu ng'ambo. Mwaka 1870 Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Kianglikana Unguja, alichapisha London mkusanyiko wa ngano alizozipokea kutoka kwa wasimulizi wa Unguja, akauita Swahili Tales, na akaupanga kwa namna ambayo leo ina faida maradufu: Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, ukurasa kwa ukurasa, hata mtoto anayejifunza Kiingereza huweza kuvuka na kurudi bila ya kamusi. Humo mna kisa cha Sultani Darai, maskini aliyekuwa akichakura punje za mtama jaani, akaokota thumuni, akanunua paa. Na paa yule akasema, akamtafutia bwana wake mke wa kifalme, akamuua nyoka wa vichwa saba, akamrithisha bwana wake nyumba ya nyoka huyo. Kisha paa akaugua, na bwana akamdharau, akaagiza apikiwe uji wa mtama mbovu. Sijapata kuona mtoto aliyesikiliza sehemu hiyo bila ya kughadhibika, na ghadhabu ya mtoto kwa dhuluma aliyotendewa paa wa kubuni ni malezi yasiyoweza kupatikana kwa waadhi wa saa nzima.

Mna pia kisa cha Sultani Majinuni, ambaye paka wake alianza kwa kula ndama, akaachwa kwa kuwa ni paka wa sultani, akaendelea hata akageuka nunda mla watu na kuwaua wana wa sultani mwenyewe. Na yule mwana wa mwisho aliyedharauliwa na wote akatoka kumwinda, na kila mnyama aliyemuua akamleta kwa mamaye kuuliza kama huyo ndiye, na mama akamjibu kila mara kuwa bado. Mpangilio huo wa kujaribu na kukosa na kujaribu tena ndio mtoto anaoupenda, kwa kuwa hofu huongezeka kwa vipimo, na kila kipimo anakijua kabla hakijafika. Na mna kisa cha Hasibu Karim ad-Dini, aliyeachwa na wakata kuni wenziwe ndani ya shimo la asali, akamfuata nge aliyeanguka ukutani, akachimba, akatokea kwa Sultani wa Nyoka. Kisa hiki ningemwekea mtoto hadi afike miaka 11 au zaidi, kwani ndani yake mna ahadi iliyovunjwa na rafiki aliyekufa kwa sababu hiyo, na mtoto mdogo huumia pasipo kuelewa. Jambo moja la kuzingatia ni kuwa lugha ya ngano hizi ni ya zaidi ya miaka 150 iliyopita, tahajia yake si ya leo, na watumwa wanatajwa humo kama jambo la kawaida la nyumba. Kwa hiyo zinafaa zaidi kusomwa kwa sauti na mtu mzima, atakayesahihisha matamshi na kueleza historia inapobidi kuelezwa.

Alfu Lela Ulela yenyewe huhitaji hadhari kubwa kuliko jina lake linavyoonyesha, maana wengi tunaikumbuka kwa Sindbad na Aladini na wezi 40, tukasahau kuwa hadithi inayozifunga zote ni ya mfalme anayewaua wake zake mmoja baada ya mmoja kwa sababu ya khiyana ya mke wa kwanza, na kuwa vingi katika visa vyake vilikusudiwa watu wazima. Usimpe mtoto mkusanyiko kamili. Mpe visa vilivyochaguliwa, kama vile tafsiri ya Hassan Adam iliyochapishwa na Mkuki na Nyota, nawe ukipitie kila kijitabu kabla yake.

Katika kisa kimoja cha Alfu Lela Ulela Shaaban Robert alichota maji yake akaandika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, nacho nakiona kuwa ndicho kitabu bora cha maajabu alichonacho mtoto wa Kiswahili wa miaka 12. Ni kifupi; nchi zake, Ughaibuni na Janibu, hazipo katika ramani yoyote; mna mji ambao watu wake wote wamegeuka mawe, mna binti wa mfalme wa majini, na mna siri inayomshika msomaji tangu mwanzo, ya liwali mwema ambaye kila usiku huwapiga manyani wawili kwa mjeledi huku akilia. Mzazi asitishwe na mjeledi huo, kwani sababu yake hufunuliwa, nayo ni ya haki na huruma kwa pamoja. Ugumu uko katika lugha: sentensi ni ndefu, na majina ya watu yana maana ya tabia zao, hata mtoto asiyeambiwa kuwa Hasidi ni mwenye husuda atapoteza nusu ya ladha. Kaa naye kwa kurasa kumi za mwanzo, na zilizobaki atazisoma peke yake.

Kusadikika, cha mwaka 1951, ni jambo jingine. Nchi inayoelea angani humvutia kila mtoto anapoisikia, na safari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, mbinguni na ardhini zina maajabu yanayotosha vitabu sita. Lakini safari hizo zimefungwa ndani ya kesi ya Karama, na hotuba za barazani zimekusudiwa msomaji aliyekwisha kuonja dhuluma ya wakubwa. Ushauri wangu ni kuzisoma safari peke yake kwa sauti, moja kwa siku, na kumwachia kitabu kizima mpaka awe na miaka 14 au 15, ambapo atakirejea kwa hiari yake akidhani anarudia hadithi ya utotoni, na atakuta kitabu kingine.

Liyongo naye asisahauliwe, ingawa utenzi wake uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 ni mgumu kwa mtoto. Simulia kwa maneno yako habari ya lile pandikizi la mtu la upande wa Pate, ambalo mamaye alilipelekea tupa iliyofichwa ndani ya mkate likajikata minyororo, na ambalo silaha yoyote haikulidhuru isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Mwisho wake, ambapo mwana anamuua babaye, ni mzito. Msimulie mtoto wa miaka 11 hadi kutoroka gerezani, na mengine yangoje.

Sasa nije kwenye maajabu ya karibu, ambako makosa mengi ya ununuzi hutokea. Mzazi huingia dukani, akaona jina la Said Ahmed Mohamed, mwandishi wetu mkubwa wa Zanzibar, akaona na kichwa kama Babu Alipofufuka, akadhani amepata ngano. Kumbe kitabu hicho cha mwaka 2001, ambamo babu anatoka kaburini kumjia mjukuu wake, ni riwaya ya watu wazima kuhusu nchi iliyouzwa na viongozi waliojisahau, na kaburi lake ni la aina ambayo mtoto ameiona kwa macho yake. Kivuli Kinaishi, tamthilia yake ya mwaka 1990, imewekwa Giningi, na mtoto wa Pemba hahitaji kuelezwa Giningi ni wapi wala kuwa wachawi ndio husemekana hukutana huko. Nagona, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1990, ina maajabu katika kila ukurasa na haina hata ukurasa mmoja kwa mtoto. Navitaja vitabu hivi kwa heshima, kwa kuwa ni miongoni mwa vilivyo bora katika lugha yetu. Navitaja ili vikae juu ya rafu mpaka wakati wake.

Daraja kati ya huko mbali na hapa karibu lilijengwa na Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoshinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 na kuchapishwa mwaka 1960, na Kisima cha Giningi cha mwaka 1968, huanza kwa kutumia hofu zetu zenyewe, mzimu, kisima, mauti yasiyo na sababu, kisha mpelelezi Bwana Msa akaja na kiko chake, akauliza maswali, na mambo yote yakapata maelezo ya kiakili. Kwa mtoto wa miaka 13 ambaye amekua akisikia minong'ono, sijui dawa iliyo nzuri kuliko kumwona mtu wa kwetu, mwenye lugha yetu na mtaa wetu, akiingia mahali panapoogopwa na kutoka na jawabu. Yamo mauaji na yamo mambo ya ndoa za watu wazima, kwa hiyo chini ya umri huo nisingevitoa.

Wako watoto wanaosoma Kiingereza vizuri, na ndugu zao wa Muscat au Uingereza huwaletea vitabu kila wanapokuja likizo, navyo havina budi kupimwa kwa kipimo hichohicho. Visa vya Harry Potter vya J. K. Rowling vilianza mwaka 1997 na shujaa wa miaka 11, vikaishia mwaka 2007 na kijana wa 17, na vitabu vilikua pamoja naye: cha kwanza ni cha mtoto, cha nne kina mauaji ya mwanafunzi mbele ya macho ya mwenziwe. Kosa ni kumpa mtoto vyote saba kwa pamoja. Mpe kimoja kila mwaka, na kama hawezi kungoja, viwili. Kitabu cha C. S. Lewis cha mwaka 1950 kuhusu watoto wanne wanaoingia nchi nyingine kwa kupitia kabati la nguo, The Lion, the Witch and the Wardrobe, ni kizuri na hakitishi mno. Lakini mzazi wa Kiislamu ajue kuwa mwandishi alikuwa Mkristo aliyekusudia kifo cha simba na kufufuka kwake kikumbushe itikadi ya dini yake, ili mtoto akiuliza apate mtu wa kumjibu. Kwa mtoto wa kisiwa naipenda zaidi A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, ya mwaka 1968, ambayo dunia yake yote ni visiwa na mashua na pepo za bahari, na ambayo kosa lake kuu ni kiburi cha kijana aliyeita kivuli asichoweza kukirudisha. Kivuli hicho hutisha. Miaka 12 au 13 yatosha.

Nimesita sana juu ya Akata Witch ya Nnedi Okorafor, ya mwaka 2011. Kimesifiwa kwa haki, na msichana wake wa miaka 12 huko Nigeria ni shujaa ambaye wasichana wetu wanamstahiki. Lakini msichana huyo ana ualbino, na adui yake ni mtu anayewateka na kuwaua watoto kwa ajili ya nguvu za kichawi. Marekani hayo ni maajabu ya mbali. Tanzania, ambako watu wenye ualbino wameuawa kwa imani hizo, tena kwa miaka ambayo wazazi wa sasa wanaikumbuka, hayo ni habari ya redio. Kitabu ni kilekile, na masafa yamebadilika. Nisingekikataza, ningekisoma pamoja na mtoto wa miaka 13, tukazungumza.

Kufaa kwa kitabu hakuangaliwi kwa hofu peke yake. Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya kitabu cha Rider Haggard, ni kisa cha kusisimua kilichopita mikononi mwa vizazi vya wanafunzi wetu, na kila anayekisoma bila ya mtu wa kumwongoza hujifunza kuwa ushujaa na akili ni vya wageni watatu waliokuja kutafuta almasi, na kwamba weusi ni wapagazi, wapiganaji au wachawi. Mtoto wa miaka 11 hana kinga dhidi ya somo hilo. Kingoje.

Yapo maajabu ya karibu yasiyodhuru, na haya mtoto wa Pemba anayo kuliko mtoto mwingine yeyote wa pwani. Nayo ni yale yaliyofungamana na mahali ambapo mtu huweza kwenda kwa miguu mchana. Mchukue Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake, ukamwonyeshe magofu ya ngome ya Mkama Ndume, ambaye wazee husimulia kuwa aliwafanya watu wabebe mawe huku wakijikokota kwa makalio, na kisima kilichogawanywa ili wake zake wawili wasionane, mmoja akiteka kwa ndoo na wa pili akishuka kwa ngazi. Msimulie habari ya Misali, kwamba Nabii Khidhri alipotaka kusali akakosa mkeka, akasema kisiwa hicho kilichoelekea Makka kitakuwa msala wake. Akirudi nyumbani mpe daftari. Mtoto anayesoma sana hufika mahali ambapo vitabu vilivyopo havimtoshi, na uhaba wa vitabu vya maajabu vya Kiswahili kwa umri wake ni wa kweli. Huenda baadhi ya vitakavyouziba vikaandikwa na yeye.

Kuhusu kuvipata: anza na maktaba ya Chake Chake iliyo chini ya Shirika la Huduma za Maktaba Zanzibar, umwandikishe mtoto kwa jina lake mwenyewe, na umzoeze kumuuliza mkutubi kwa adabu. Vitabu vya Mkuki na Nyota huuzwa Dar es Salaam katika duka la TPH la mtaa wa Samora. Mwagize mtu mwaminifu, na umsihi avifunge kwa nailoni mbili, maana maji ya chumvi katika boti ya Mkoani au Wete huharibu karatasi kuliko mvua. Ngano za Steere hazihitaji fedha, kwani muda wa hakimiliki yake umekwisha zamani, nazo hupatikana kwa simu katika Internet Archive; zichapwe kwa karatasi kisa kimoja kimoja, kwa sababu mtoto anayesoma kwa simu huacha kusoma kila simu inapolia. Hadithi za bure za African Storybook ni nzuri lakini ni za wadogo, na msomaji wa miaka 11 atazimaliza kwa jioni moja. Mwombe awasomee ndugu zake.

Na kwa mzazi asiye na wasaa wa kukisoma kitabu kizima, nampa njia fupi: asome kurasa tano za mwanzo ajue lugha, kisha aende kwenye theluthi ya mwisho, mahali uovu unapokuwa na nguvu zaidi, asome sura nzima, kisha asome mwisho. Aangalie kama uovu unapata jawabu, hata kama jawabu ni la huzuni. Aangalie mambo ya mahaba yamefika wapi. Na akikuta maelekezo ya kufanya azima, kupiga ramli au kuita majini, yaliyoandikwa ili msomaji ayajaribu, akirudishe dukani, kwani hicho si kitabu cha hadithi hata kikiwa na picha za watoto.

Ngano za zamani zilikuwa na ulinzi ambao kitabu hakina. Bibi aliposema paukwa, nyumba nzima iliitikia pakawa, watoto waliketi bega kwa bega, na nunda alipotokea kila mmoja aliusikia mwili wa mwenziwe kando yake. Kitabu humchukua mtoto peke yake. Kwa hiyo kitabu chochote kipya chenye kutisha kianzwe kwa sauti, sura mbili, kabla ya magharibi, katikati ya watu. Na visomwavyo kitandani viwe ni vile alivyokwisha kuvisoma mara moja.

Ikitokea kuwa kitabu kimemzidi, akaanza kuomba taa isizimwe au akakataa kutoka nje usiku, usimnyang'anye katikati. Kitabu kilichokatizwa hapo humwacha adui akiwa hai na shujaa akiwa bado gerezani, na akili ya mtoto huendelea kukitunga usiku kucha kwa namna iliyo mbaya kuliko alivyokitunga mwandishi. Kaeni pamoja siku ya pili asubuhi, umsimulie kwa ufupi yaliyobaki, mruke mpaka sura mbili za mwisho mzisome kwa sauti hadi neno la mwisho, kisha kitabu kirudi juu ya rafu pamoja na vile vya watu wazima, na kwa jioni hiyo mrejeshee Alisi.